Mguu wa Zumbe na Mikeka ya Idd

Hapo zamani, enzi ambazo mvua ilinyesha ilivyotaka na watawala walisema walivyotaka, palikuwa na mji ulioitwa Kwedilima, uliojengwa juu ya kilima, nao haukuwa na mahali tambarare ila pawili tu. Pa kwanza ni kiwanja cha kando ya mto, ambako Waislamu walisali Idd tangu enzi za mababu. Pa pili ni ua wa kanisa, juu kabisa, ua mpana, mkavu, uliofagiliwa kila asubuhi. Kwingine kote mtu akiangusha limau mlangoni pake, alilazimika kwenda kuliokota kwa jirani wa tatu.

Mtawala wa mji, ambaye kwa desturi ya huko huitwa Zumbe, alikuwa Zumbe Leopoldi, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza pipa. Moyo wake haukuwa mbaya, ila ulifunikwa na majivuno mengi hata mwenyewe alikuwa hauoni. Alikuwa na mwaka mmoja tu na miezi mitatu tangu abatizwe, lakini ukimsikia akinena habari za dini utadhani yeye ndiye aliyemshikia Nuhu misumari alipokuwa akijenga safina.

Sasa sikilizeni desturi mbili za mji ule, maana bila hizo hadithi hii haiendi. Ya kwanza, kauli ya Zumbe ikishapigiwa ngoma haibadiliki, hata na Zumbe mwenyewe, mpaka itimizwe. Ya pili, siku ya sikukuu, iwe Krismasi, iwe Idd, iwe mavuno, mguu wa Zumbe haugusi ardhi tangu jua kuchomoza hata kutua, awe na viatu au asiwe navyo. Watu wanne humtandikia zulia refu jekundu, naye hupita juu yake. Mguu ukigusa ardhi, kiti cha enzi huenda kwa ndugu yake. Ndugu huyo aliitwa Zebedayo, mtu mpole sana, na kila sikukuu aliamka mapema akamfuata Zumbe nyuma nyuma, macho yake yakitazama chini.

Na katika mji huo alikuwapo maskini mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa lilisahauliwa. Watu walimwita Chiriku, kwa maneno yake yasiyokwisha. Mali yake ilikuwa kanzu moja, kibuyu kimoja na ulimi. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo. Alipozaliwa, baba alimwadhinia sikioni asubuhi na mama akampeleka kutiwa maji adhuhuri, kila mmoja bila kumwambia mwenziwe. Basi Chiriku akakua akihudhuria kila penye wali, na akiulizwa dini yake hujibu, “Niulize siku ya sikukuu, tumbo langu litakujibu.”

Basi ikawa mwaka mmoja, Ramadhani ikiwa imebakiza siku sita, mto ukafurika ukakizoa kiwanja cha Idd pamoja na migomba kumi na choo cha mtu. Maji yalipopungua yaliacha tope la kufika magotini. Mbuzi mmoja aliyekwenda kutazama ilibidi avutwe kwa kamba.

Shehe Abdurabi, kiongozi wa Waislamu wa mji, akapanda kilima na swaumu yake mpaka kwa Padre Silvano. Padre huyo alikuwa amekaa Kwedilima miaka ishirini na saba. Nusu ya mji alikuwa ameibatiza, na nusu nyingine alikuwa ameitibu vidonda.

“Padre,” akasema Shehe, akihema, “nimekuja na haja, nami naona haya kuitaja.”

“Shehe wangu, mtu aliyepanda kilima hiki akiwa amefunga, haja yake imekwisha kubaliwa nusu. Taja nusu iliyobaki.”

“Tumekosa pa kusalia Idd.”

Padre akautazama ua wake. Akasema, “Si hapa hapa? Ninyi mwaelekea kaskazini, na kanisa litakuwa nyuma yenu. Mtasali sala yenu kwa maneno yenu, nami siku hiyo kengele nitaiacha ipumzike. Kanisa ni kanisa, ua ni ua. Nimekupa neno langu.”

“Na watu wako watasema nini?”

“Watasema sana. Na wako?”

“Wangu wameanza kusema kabla sijatoka nyumbani,” akajibu Shehe, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini habari ile ilishuka kilima upesi kuliko Shehe, nayo ikamfikia Zumbe akiwa mezani. Alisukuma sahani, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu aolewe dada yake wa mwisho, akaitisha baraza la mji.

“Padre!” akanguruma watu walipokwisha kukaa. “Nasikia ua wa kanisa umekuwa wa kila apitaye!”

“La, Zumbe. Nimewaazima jirani zangu kwa siku moja, kwa kuwa kwao kuna tope.”

“Ni mamoja! Ardhi ile aliitoa babu yangu kwa ajili ya kanisa. Leo utawapa hawa Idd, kesho watakuja wenye mizimu na kuku wao mweupe, kesho kutwa watu wangu hawatajua tena wanapanda kilima kwenda kufanya nini. Kama kila sherehe ni ya kanisa, basi kanisa lina sherehe gani iliyo yake?”

Watu kadhaa wakatikisa vichwa kukubali, nao hawakuwa watu wabaya. Imani yao ilikuwa ngeni kwao na waliipata kwa shida, wakaogopa isije ikapotea kwa uzembe.

Padre akajibu kwa upole, “Zumbe, Pasaka itabaki Pasaka na Idd itabaki Idd. Sichanganyi chungu. Lakini wakumbuka mwaka ule wa njaa? Unga tuliokula kanisa zima ulitoka ghalani mwa msikiti, wala sikumsikia mtu hapa akiuliza unga ule husali ukielekea wapi.”

Baraza likacheka. Zumbe akakosa jibu, na Zumbe akikosa jibu huongeza sauti.

“Taib!” akapiga kelele. “Mimi si dhalimu. Washerehekee! Lakini siku hiyo mguu wa asiyebatizwa, wenye kiatu au usio na kiatu, usiguse ardhi ya kanisa. Usiguse udongo, usiguse mchanga, usiguse jiwe, usiguse hata jani lililoota. Ukigusa mguu mmoja tu, Padre Silvano atatoka mjini kabla jua halijatua, wala asirudi maisha yake. Kama waweza kuruka, na waruke!”

Akajishika tumbo kwa furaha, akiona amesema jambo la akili mno. Hapo Chiriku, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akasimama.

“Ewe Zumbe, uishi miaka mingi. Na kama mguu haukugusa?”

“Usipogusa, washerehekee mpaka wachoke, nami mwenyewe nitakula pilau yao!”

“Ipigiwe ngoma, Zumbe?”

“Ipigiwe ngoma!”

Mpiga ngoma akaipiga ngoma kuu mara tatu, na kauli ikawa kauli. Waislamu wakatazamana, Wakristo wakatazama chini, na Padre Silvano akarudi nyumbani kwake akavuta sanduku lake kutoka uvunguni.

Chiriku alipomfuata alikuta sanduku limekwisha kufungwa, na juu yake pana mkeka umekunjwa na kukazwa kwa kamba.

“Wasafiri, Padre?”

“Nifanyeje, mwanangu? Neno langu kwa Shehe sitalirudisha. Na watu mia tatu hawawezi kuruka.” Akajaribu kutabasamu, ila midomo ilimkatalia, maana aliupenda mji ule kuliko alivyojua.

Chiriku akautazama mkeka. “Padre, jana ulilala wapi?”

“Hapa sakafuni, juu ya mkeka huu. Kitanda nilimpa mgonjwa.”

“Na udongo ukakuchafua?”

“Utanichafuaje nami nilikuwa juu ya mke…”

Padre hakumaliza. Akaketi juu ya sanduku, akaweka mkono mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Kisha akaanza kuufungua mkeka ule, lakini Chiriku akamzuia. “Huu uache kwanza. Nikishindwa, utauhitaji.”

Basi Chiriku akashuka mjini. Na hapa yafaa mjue kwamba wanawake wa Kwedilima ni wasusi, nao husuka mikeka ya ukindu tangu wakiwa wasichana. Bibi arusi wa huko hatoki kwao bila mikeka miwili, mmoja wa kulalia na mmoja wa wageni, na huu wa wageni hukunjwa ukawekwa darini, na mume akiugusa ana kesi. Mikeka hiyo ndiyo Chiriku aliyoitaka, nyumba kwa nyumba, bila kuuliza nyumba ni ya dini gani.

Alianza kwa Bi Mwanatumu, ajuza wa Kiislamu aliyeijua kila siri ya mji. Mkeka wake wa wageni ulikuwa na maua mekundu na ya zambarau.

“Nimeutunza huu miaka arobaini,” akasema Bi Mwanatumu, “nikingoja mgeni wa maana. Hajaja hata mmoja.”

“Bibi, safari hii mgeni ni wewe.”

Ajuza akamtazama, akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akampiga kofi la mgongo. “Uchukue, mwana mjinga wee!”

Akaenda kwa Mama Paulina, Mkristo, aliyekuwa kiongozi wa waimbaji wa kanisa.

“Mkeka wangu? Wa kazi gani?”

“Wa kukanyagwa, mama.”

“Na nani?”

“Na Waislamu.”

Mama Paulina akashika kiuno, akafikiri. “Huwa wanavua viatu?”

“Wanavua, mama.”

“Basi uchukue. Mume wangu ni Mkristo safi na hajapata kuvua hata siku moja!”

Kwa siku tano mikeka ikapanda kilima vichwani mwa watu, mipya na mikuukuu, mipana na myembamba, mmoja umetobolewa na panya na mwingine una harufu ya samaki. Mzee mmoja aliyefunga alikuwa amejilaza mchana juu ya mkeka wake. Vijana wakaona haya kumwamsha, wakashika ncha nne wakaubeba pamoja naye. Akaamka uani, akaona msalaba juu yake na Chiriku mbele yake, akauliza kwa huzuni kama amekufa, na kama amekufa, mbona amepelekwa upande usio wake.

Siku ya Idd, mapema asubuhi, Wakristo ambao miguu yao ilikuwa na ruhusa wakaitandika mikeka, Mama Paulina akiwaamrisha kama yuko katika mazoezi ya kwaya. Wakaanza ukutani wakarudi nyuma hadi langoni, ncha juu ya ncha, na ua wote ukafunikwa. Lakini walipofika langoni penyewe mikeka ikaisha, na palibaki udongo mtupu, mahali pa upana wa mtu kulala. Kijana angeruka. Bi Mwanatumu je? Tayari takbira zilikuwa zikisikika, Waislamu wakipanda kilima wamevaa kanzu nyeupe na kanga mpya.

Chiriku akatazama huku na huku. Kwa mara ya kwanza maishani alikosa la kusema.

Ndipo Padre Silvano akatoka nyumbani akiwa na mkeka wake begani. Akaketi langoni, akaikata kamba kwa meno, akautandika mkeka pale palipobaki wazi, akaulainisha kwa viganja. “Karibuni,” akasema. Wakaingia watu mia tatu, mmoja mmoja, viatu mkononi, wakajipanga safu juu ya mikeka ile wakasali, na hakuna mguu uliogusa hata chembe ya mchanga.

Sala ilipokwisha masufuria ya pilau yakafunuliwa. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakapiga dufu, na hapo ndipo Zumbe Leopoldi akatokea kwenye njia. Watu wanne walitandika zulia jekundu mbele yake. Mpiga ngoma alifuata, pamoja na wachukuzi wawili walioletwa kubeba sanduku la Padre. Nyuma kabisa alikuwapo Zebedayo, akitazama chini.

Zulia likaishia langoni. Zumbe akasimama ukingoni mwake, akatupa macho uani, uso ukamwiva kwa furaha.

“Naona miguu! Naona miguu mia sita!”

“Hesabu yako ni sahihi, Zumbe,” akasema Chiriku akiinama. “Imegusa nini?”

“Ardhi ya kanisa!”

“Iko wapi, bwana wangu? Nionyeshe nami niione.”

Zumbe akatazama. Akaona ukindu mwekundu, ukindu wa manjano, ukindu wa kijani. Akanyoosha shingo, akachungulia pembeni. Udongo hakuuona.

“Iko chini ya mikeka!” akapaza sauti.

“Ardhi i chini ya mkeka, na mguu u juu ya mkeka. Vimekutana wapi?”

“Usinichezee, Chiriku! Mkeka umelala juu ya ardhi. Aliyesimama juu ya mkeka ameigusa ardhi! Wachukuzi, leteni sanduku!”

Dufu likanyamaza. Shehe Abdurabi akainuka, na Padre akamshika mkono. Wachukuzi wakaenda kulitoa sanduku mlangoni mwa Padre, wakiliburuta polepole kwa kuwa hata wao walibatizwa na mtu huyo huyo.

Chiriku akapiga magoti, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya huzuni ambayo watu wote waliisikia, “Zumbe amesema, nani atapinga? Enyi watu wa Kwedilima, shikeni kauli hii mkawafundishe watoto wenu. Aliyesimama juu ya kitu kilichotandikwa, ameigusa ardhi iliyo chini yake. Ndivyo, bwana wangu?”

“Ndivyo!”

“Hata leo, siku ya sikukuu?”

“Leo na siku zote!”

Hapo Zebedayo, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya utawala wa nduguye, akainua macho kutoka chini.

“Ndugu yangu,” akauliza kwa upole mwingi, “hilo zulia ulilosimamia limetandikwa juu ya nini?”

Zumbe akatazama viatu vyake. Akatazama zulia. Jasho likaanza kumtoka nyuma ya masikio.

“Zulia,” akasema, “zulia ni kitu kingine.”

“Kwa sababu gani, Zumbe?” akauliza Chiriku.

“Lina… lina maua.”

“Na mkeka wangu una maua!” Bi Mwanatumu akapiga kelele kutoka ndani, na watu wakaanza kukohoa kwa kuzuia kicheko.

Zebedayo alikuwa amekwisha nyoosha kola yake. Zumbe akaona kiti chake cha enzi kikimponyoka mbele ya macho yake, kwa ushahidi wa kinywa chake mwenyewe.

“Haukugusa!” akabweka. “Mguu ulio juu ya kitu kilichotandikwa haujagusa ardhi! Ni nani mjinga aliyesema umegusa?”

“Ni wewe, Zumbe.”

“Basi mjinga huyo amekosea! Piga ngoma!”

Mpiga ngoma akaipiga haraka haraka kabla mtu hajabadili nia, na ua mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Zebedayo akarudisha macho yake chini.

“Na sasa, bwana wangu,” akasema Chiriku, “imebaki ile pilau. Ilipigiwa ngoma.”

Zumbe akasita, kisha akajikaza. “Sawa, nitaila. Lakini nitaila hapa hapa langoni, nichunge kila mguu utokao!”

Akainua mguu aingie, na Mama Paulina akamzuia. “Kwa viatu, Zumbe? Juu ya mikeka ya watu?” Basi ikambidi Zumbe avue viatu mbele ya mji mzima. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka chote kutazama sikukuu. Waliolia kwa kicheko walilia, na walioanguka walianguka, na kwa bahati walianguka juu ya mikeka.

Zumbe akaketi juu ya ule mkeka wa langoni, akaletewa sahani. Akala kwanza kwa hasira. Sahani ya pili akala kwa udadisi, akiuliza iliki hii imetiwa saa ngapi. Ya tatu akala amefumba macho. Katika ya nne Bi Mwanatumu alikuwa akimwongezea mchuzi, na mkono wake ukateleza, wengine husema haukuteleza, bakuli zima likamwagikia zulia jekundu. “Maskini zulia la enzi!” wakasema wanawake, wakalizoa mara moja kulipeleka mtoni likafuliwe. Zumbe hakujua. Alikuwa amelala palepale, akikoroma, mikono juu ya tumbo.

Alipozinduka ilikuwa saa kumi jioni. Palikuwa kimya. Akafumbua macho akaona ua mtupu, udongo mwekundu kutoka ukutani hadi langoni. Watu walikuwa wametoka wakipita kwa kunyata ukingoni mwa mkeka wake, na Wakristo wakaikunja mikeka nyuma yao, kila mtu akaenda zake na mali yake. Palibaki mkeka mmoja, na Zumbe juu yake. Kulia kwake ni udongo wa kanisa, kushoto kwake udongo wa njia. Ng'ambo ya njia Zebedayo alikuwa amekaa, ametulia, anangoja.

“Chiriku!” akaita Zumbe kwa sauti ndogo. “Zulia langu liko wapi?”

“Linaanikwa mtoni, bwana wangu.”

“Na mikeka?”

“Imekwenda kwa wenyewe.”

“Na huu mbona haukuchukuliwa? Ni wa nani huu?”

Chiriku akamtazama Padre Silvano aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lake karibu na lango. Padre akasema, “Ni wangu, Zumbe. Nilikuwa nimeufunga kwa safari. Asubuhi palipungua kidogo, nikaufungua.”

Zumbe akautazama mkeka. Ulikuwa mkuukuu, umetiwa viraka pembe mbili. Akalitazama sanduku, na ile kamba iliyokatwa kando yake.

“Huko ulikokuwa ukienda, ungelalia nini?”

“Sikuwa nimefika huko kwa mawazo,” akasema Padre.

Basi Zumbe Leopoldi akaona haya, haya ya kweli, iliyoanzia tumboni ikapanda hadi machoni, na macho yakajaa. Akasema polepole, “Nilitaka kumfukuza mtu huyu kwa sababu ya mguu wa jirani, na mkeka wake ndio ulioushika mguu wangu.” Akajifuta uso kwa mkono mzima. Kisha akakitazama kile kidole chake nje ya soksi, na bila kutaka kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kujaza mapipa yote, hata ndege wakatoka kwenye paa la kanisa.

“Mpiga ngoma! Amka! Sikilizeni. Ua wa kanisa una padre wake. Akisema karibuni, ni karibuni, na waje na miguu yao yote chini. Akisema leo sivyo, basi leo sivyo, na ni yeye wa kuulizwa. Zumbe hatatia mguu katika jambo hilo, naapa kwa mguu huu wenyewe. Piga!” Ngoma ikapigwa mara tatu.

“Na sasa, Chiriku, mwanangu, ndugu yangu, baba yangu, nifikishe nyumbani.”

“Yahitajika mikeka miwili, Zumbe. Mmoja wa kusimama na mmoja wa kwenda.”

Bi Mwanatumu alikuwa hajaenda mbali, maana hakutaka kupitwa. Akarudi na mkeka wake wa maua. “Nilisema wa mgeni wa maana,” akasema. “Huyu si wa maana sana, ila yuko taabuni.”

Basi wakaanza safari. Shehe Abdurabi alitandika mkeka mmoja mbele, Zumbe akaruka juu yake, Padre Silvano akaukunja ule wa nyuma akampokeza Shehe, na Zumbe akaruka tena, tumbo likifuata baadaye. Mji wote ukatoka kutazama. Kwaya ya Mama Paulina ikaimba, madufu yakaitikia, na Zebedayo akaja nyuma akiutazama udongo kwa matumaini yaliyokuwa yakipungua. Walipofika mlangoni kwa Zumbe jua likatua, naye akaruka chini kwa miguu yote miwili, akacheza ngoma pale vumbini mpaka ile soksi ya pili nayo ikatoboka.

“Omba, Chiriku!” akasema akitweta. “Omba utakacho!”

“Nataka kazi, bwana wangu. Niwe mwonja pilau wa sikukuu zote, za kanisa na za msikiti, nihakikishe hakuna anayedhulumiwa.” Akapewa, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii hata kanzu yake ikambana.

Padre akalirudisha sanduku uvunguni. Na ilipofika Krismasi, Zumbe alifungua mlango asubuhi akiliita zulia lake, asilione. Aliona mikeka ya ukindu imetandikwa kutoka kizingitini pake, njia yote kupanda kilima, hadi mlango wa kanisa. Kando ya njia walisimama Shehe Abdurabi na Waislamu wa Kwedilima, na mkeka wa kwanza kabisa ulikuwa ule wa maua mekundu na ya zambarau. Zumbe akainama, akavua viatu vyake mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akapanda kilima navyo mkononi. Soksi zake zilikuwa mpya.

Mwaka huo nami nilikuwapo. Mkeka wangu ulikuwa wa saba kutoka langoni, na mpaka leo sijarudishiwa.